Kutanga na Kutua

Mimi sonara, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Mwaka wa thelathini na moja nafagia duka langu kwa mkono wangu,
maana vumbi la sonara halitupwi:
kila Ijumaa nalichekecha, nalichoma,
natoa humo dhahabu ya kulipia umeme.

Binti yangu Mwanasiti yeye hushika atomu mojamoja.
Si kipande. Si unga.
Moja, ile ambayo ukiikata
haiitwi tena chuma.

Alikuja Idi iliyopita, akaiomba penseli yangu ya hesabu,
akasugua risasi yake juu ya selotepu,
akabandua, akabandua, akabandua,
mpaka weusi ukawa moshi
na moshi ukawa kama pumzi ya mtoto kwenye kioo.
"Tukibahatika, baba, pana utando hapa
ambao unene wake ni atomu moja tu.
Matundu ya pembe sita, kama ya dema."
Nikavaa miwani. Nikaona selotepu.

Akasimulia: chomboni mwao hamna hata hewa,
chuma hupashwa hadi kikatoka mvuke,
atomu zikadondokea juu ya utando ule,
na zikifika, zinatanga.
"Basi ni wenyeji wa hapa," nikasema.
Akacheka kwa adabu, akaendelea.

Mimi nikabisha. Nimeyaona kwa macho yangu:
nyunyiza tupa za dhahabu kibiani, puliza moto,
utaona zinavyokimbiliana,
zinavyomezana mpaka likabaki donge moja,
duara, linang'aa, limeshiba.
Riziki yangu ni huko kukusanyika.
"Na yangu," akasema, "ni kuzizuia.
Kwenye donge, za ndani zimekaa bure.
Iliyo peke yake hufanya kazi mwili mzima."

Nani basi anayezipanga? Kwa koleo gani?
Hakuna koleo.
Kila moja ikitua, utando unashtuka,
wimbi dogo linakwenda,
jirani analisikia, anasogea, anasogea tena,
anapata pale wimbi lilipolala, anakaa.
Si karibu mno. Si mbali.
Kukiwa na joto hutangatanga, baridi ikiingia hutulia,
na ukichungulia, zimejipanga safu kwa safu
bila ya mtu kuwaambia neno.

"Kama kwenye matanga ya mama," akasema.

Hapo nikauweka chini mrija wa kupulizia.
Siku ile mikeka ilitandikwa hadi ukutani kwa Mzee Singano.
Wakaja watu wa Makorora, wa Mabawa, wa Pongwe,
hakuna aliyemwonyesha mwenzake pa kukaa.
Nilipita mwenyewe na birika la kahawa, sikutaka kusaidiwa,
na baina ya kila goti na goti
nilipata nafasi ya mguu wangu.
Sikujiuliza.

Akaongeza, macho yake yakiwa mlangoni
penye kile kigoda ambacho hakuna anayekikalia:
"Utando ukitokwa na atomu yake moja, likabaki pengo,
chuma kinachonasa pale hakitangi tena.
Hata ukikipasha moto."
Mwanangu, usinifumbie.
Sikulisema hilo. Mteja aliingia,
nikampimia bangili.

Ameondoka, na selotepu ingali juu ya kabati la kioo.
Wateja huuliza kama ni ufa.
Nawajibu ndiyo.

Ijumaa hii nimechekecha kama kawaida,
nikamimina tupa kibiani, nikawasha.
Nikaziacha kidogo vile zilivyotua,
kila moja na mwanga wake,
sijui kwa muda gani; muadhini alikuwa hajaanza.
Halafu nikakumbuka kodi ya pango.

Nikapuliza.
Zikakimbiliana.
Nusu gramu kasoro.